Mapitio ya T206: kadi za besiboli zilizochorwa za 1909–1911, na namna ya kuzinunua bila kupigwa

Kwa anayependa picha kuliko takwimu, hakuna seti ya kadi za zamani za besiboli inayolipa kama T206, kwa sharti moja: nunua zilizochakaa. Kadi yenye kona zilizolika na doa la gundi mgongoni, lakini uso wake bado una rangi ya 1909, itakupa furaha ileile anayoipata tajiri aliyelipa mara 20 ya pesa yako kwa kona nne kali. Mengine yote hapa chini ni sababu za hukumu hiyo, pamoja na mitego.

T206 ni kadi ndogo za karatasi ngumu zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara na tumbaku Marekani kati ya 1909 na 1911, wakati kampuni ya American Tobacco ilipokuwa imeshika karibu soko lote. Kadi ilikinga sigara zisipindike, na ilimfanya mvutaji arudi kununua pakiti nyingine. Kipimo cha kawaida ni inchi 1 na 7/16 kwa inchi 2 na 5/8, yaani takriban milimita 36.5 kwa 66.7. Mbele kuna picha ya mchezaji, ukingo mweupe, na chini yake jina la ukoo na timu kwa wino wa kahawia. Nyuma hakuna habari yoyote ya mchezaji. Kuna tangazo la sigara tu.

Jina T206 halikutoka kiwandani. Ni la Jefferson Burdick wa Syracuse, New York, aliyeorodhesha kadi za kila aina katika katalogi yake na kuzipa zile za tumbaku za karne ya 20 herufi T. Huyu ndiye aliyelizawadia Jumba la Makumbusho la sanaa la Metropolitan, New York, mkusanyo wa vipande zaidi ya 300,000 kabla ya kufariki mwaka 1963. Anayesema kadi za besiboli ni mambo ya watoto aende akabishane na Metropolitan.

Orodha inayokubaliwa na wengi ina kadi 524. Nne kati yake ni za kuota tu. Kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh iliondolewa sokoni mapema na zinazojulikana leo ni chache mno. Moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Eddie Plank nayo ni adimu. Sherry Magee iliandikwa kwa makosa «Magie», kisha ikasahihishwa. Joe Doyle, mrushaji wa New York ya Ligi ya Amerika, alipachikwa kimakosa New York ya Ligi ya Taifa kwa kuchanganywa na Larry Doyle. Ndiyo maana mkusanyaji akisema ana seti kamili ya T206, kwa kawaida anamaanisha 520. Nazo si mzaha: kwa mwendo wa kadi mbili kwa mwezi, ni zaidi ya miaka 21.

Kinachouzwa hapa ni uchapaji

Picha hizi zilitoka kwa American Lithographic Company ya New York. Msingi ulikuwa picha za kamera, nyingi za nyuso zikiwa kazi ya Carl Horner wa Boston, lakini kamera ya wakati ule haikuwa na rangi. Mafundi walizichora upya, wakaondoa mandhari halisi na kuweka anga ya machungwa, kijani kibichi, zambarau, au njano tupu. Kila rangi ilipigwa peke yake, moja juu ya nyingine. Rangi zilizokaa kwenye mstari hutoa uso unaoonekana hai hadi kwenye mikunjo ya shingo. Rangi moja ikiteleza hata nusu milimita, midomo inakuwa miwili na macho yanapoteza mwelekeo.

Hapo ndipo mnunuzi mpya anapokosea. Anaangalia kona kwanza, kwa sababu ndizo rahisi kuona na ndizo zinazozungumzwa sana. Sisi tungeangalia midomo. Chukua kadi mbili za Frank Chance, nahodha na meneja wa Chicago Cubs, ile ya uso wenye anga ya njano. Moja imepewa daraja la 4 kati ya 10 kwa hali yake, lakini rangi nyekundu imetoka nje ya mstari wa mdomo. Nyingine ina daraja la 1 kwa sababu ya mkunjo kwenye kona na gundi nyuma, ila uso umekaa barabara. Ya pili ndiyo kadi. Ya kwanza ni kona nzuri zilizoshika picha mbaya.

Kampuni za kupanga daraja, PSA na SGC zikiwa ndizo zinazotumika zaidi kwa kadi za umri huu, hutoa namba kutoka 1 hadi 10 na kuifungia kadi ndani ya kasha la plastiki. Namba hiyo inapima uchakavu zaidi kuliko uzuri. Shimo la pini, kipande kidogo cha karatasi kilichobanduka nyuma, au jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli mgongoni, vyote mara nyingi huiangusha kadi hadi 1 au 1.5 hata kama uso wa mchezaji haujaguswa. Kadi za namna hii ndizo zinazofaa kuwindwa. Kadi ya mchezaji wa kawaida yenye daraja la 1 au 2 mara nyingi hupatikana chini ya dola 100. Uharibifu wa nyuma ndio wenye punguzo kubwa kuliko wote, ukivumilia jambo moja: kama karatasi imebanduka mpaka jina la sigara halisomeki, kadi imepoteza nusu ya utambulisho wake, na siku ya kuiuza utalikumbuka hilo.

Kasoro tusizovumilia ni tatu. Mkunjo unaokata uso wa mchezaji. Rangi iliyopauka kwa jua, ambapo wekundu umekimbia na kubaki kijivu. Na kadi iliyopakwa rangi upya, hata kama ni kwenye kona tu, kwa sababu hiyo imeshaingia katika udanganyifu.

Mgongo nao una bei

Nyuma ya T206 kuna majina 16 ya sigara na tumbaku. Piedmont, wenye wino wa buluu, na Sweet Caporal, wenye wino mwekundu, ndio tele kuliko wengine. Old Mill, Sovereign na Polar Bear ni wa katikati. Kuanzia Tolstoi, Cycle, American Beauty na El Principe de Gales bei huanza kupanda, halafu kuna Hindu, Carolina Brights, Broad Leaf, Lenox, Uzit na Drum, ambapo mchezaji asiyejulikana kabisa anaweza kuuzwa ghali kuliko nyota. Ty Cobb, nyota wa Detroit, ana mgongo wenye jina lake mwenyewe, na huo ni ulimwengu mwingine wa pesa.

Ushauri wetu kwa anayeanza: usilipie mgongo. Jifunze kwa Piedmont na Sweet Caporal mwaka wa kwanza. Lakini lazima uijue migongo, kwa sababu inakulinda. Si kila mchezaji alichapwa na kila mgongo. Wagner inajulikana kwa Sweet Caporal na Piedmont za mfululizo wa 150 pekee, yaani zenye namba 150 iliyochapwa mgongoni. Ukiletewa Wagner yenye Old Mill nyuma, rudisha bila kuuliza swali la pili. Magie ni Piedmont 150 tu. Ray Demmitt na Bill O'Hara walioandikwa St. Louis hutoka na Polar Bear tu.

Polar Bear inahitaji maelezo yake. Ilikuwa tumbaku ya kukatwakatwa, na kadi ililala humohumo ndani ya pakiti, kwa hiyo madoa ya kahawia ni ya kuzaliwa nayo. Doa la tumbaku kwenye Polar Bear halitushtui. Doa lilelile kwenye Piedmont linaomba maelezo. American Beauty nazo ni nyembamba kwa takriban milimita moja na nusu, kwa kuwa pakiti yake ilikuwa nyembamba. Mtu asiyejua hilo huidhania imekatwa, na mjanja anayejua huuza iliyokatwa kweli kwa kisingizio hicho.

Kukagua kadi siku ya giza la baridi

Msimu wa besiboli Marekani hufungwa mwisho wa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na mazoezi hurudi Februari. Katikati hapo, huko Chicago au Cleveland, kuna siku ambazo saa nane mchana ni kama magharibi. Wengi huona ni siku mbaya kwa kazi ya macho. Kinyume chake, ni siku nzuri ya ukaguzi, kwa kuwa chumba kikiwa na kiza unautawala mwanga.

Zima taa ya dari. Weka taa moja ya mezani upande wa kushoto, iwe chini, karibu usawa wa meza. Shika kadi kwa kingo na uiinamishe polepole kuelekea mwanga. Mkunjo mwepesi ambao skana haiuoni, wala jicho haliuoni kwenye taa ya juu, unatupa kivuli papo hapo. Geuza kadi robo mzunguko na urudie, kwa sababu mkunjo unaokwenda sambamba na mwanga haujitokezi. Kwa njia hiyohiyo utaona sehemu iliyokwanguliwa kutoa doa: uso wa karatasi hapo ni mkavu na wenye nyuzi, wakati kwingine unang'aa kidogo.

Baada ya hapo chukua kioo cha kukuzia cha mara 10. Angalia kwanza jina la kahawia chini ya picha na maandishi ya nyuma, si uso wa mchezaji. Kwenye kadi halisi herufi ni wino mmoja uliojaa, wenye kingo zisizo na vitone. Kwenye nakala za kisasa herufi hizo hizo zimejengwa kwa vitone vidogo vya rangi tatu au nne, kwa sababu mashine imepiga picha kadi nzima, maandishi na yote. Usiutumie uso wa mchezaji kama kipimo, maana hata chapa ya asili ina vitone na michirizi katika vivuli, nawe utajichanganya.

Kisha taa ya urujuanimno, ya aina ileile ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Karatasi iliyotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili mara nyingi ina dawa ya kuing'arisha, na chini ya taa hiyo huwaka buluu nyeupe kama shati jipya. Karatasi ya 1910 hubaki imefifia. Ikiwaka, kesi imekwisha. Isipowaka hujathibitisha chochote, kwani mwenye kughushi anaweza kupata karatasi ya zamani. Taa hiyo pia hufichua rangi iliyoongezwa kwenye kona: huonekana kama kiraka cheusi au chenye mng'ao tofauti na wino unaouzunguka.

Mwisho, kalipa ya kupimia milimita. Hapa pana kosa linalorudiwa kila siku. Kadi za T206 zilitofautiana kiwandani, kwa hiyo kadi fupi kidogo si lazima iwe imekatwa, na iliyokatwa inaweza bado kuwa na kipimo sahihi kama ilizaliwa kubwa. Pima, kisha angalia kingo zenyewe kwa kioo. Ukingo wa miaka zaidi ya 100 una uchafu uleule pande zote nne na umelegea kidogo. Ukingo uliokatwa juzi ni mweupe, mkali, na mara nyingi una mdomo unaoinama upande mmoja kama wa karatasi iliyopita kwenye kisu. Kona mbili za mviringo upande wa kushoto na mbili za wembe upande wa kulia ni jambo ambalo mikono ya watu haifanyi.

Ukubwa wa tatizo hili unaonekana kwenye kadi mashuhuri kuliko zote. Wagner iliyonunuliwa na Wayne Gretzky na Bruce McNall mwaka 1991 kwa dola 451,000 ilipewa na PSA daraja la 8. Mwaka 2013 muuzaji wa zamani wa kadi hiyo, Bill Mastro, alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo. Kama kadi hiyo ilipita, usitegemee kasha la plastiki likufikirie.

Makasha nayo hughushiwa. Chukua namba ya cheti, iingize kwenye tovuti ya kampuni husika, na ulinganishe picha ya hapo na kadi iliyo mbele yako, alama kwa alama: doa hili, kona ile. Namba kuwepo haitoshi, maana mghushi hunakili namba halali. Na kadi «iliyopatikana kwenye dari la babu» ya Wagner au Cobb, isiyo na kasha, kwa bei ya huruma, ni nakala. Nakala za T206 zimechapwa kwa miongo mingi, na zikichovywa kwenye chai na kusuguliwa kona hupendeza sana kwenye picha ya simu. Chai hutia rangi kila mahali sawasawa, uzee hautendi hivyo.

Kuloweka

Kadi nyingi zilibandikwa kwenye vitabu vya kumbukumbu kwa uji wa unga wa ngano. Wino wa T206 ni wa mafuta na hauyeyuki majini, ndiyo maana wakusanyaji wengi wa kadi hizi hukubali kuzilowesha kuondoa karatasi na gundi ya nyuma, bila kuita ni udanganyifu. Dawa ya kusafishia ni jambo jingine. Maji matupu tu.

Tumia maji yaliyokenekwa, yasiyo na madini, yanayouzwa kwa galoni. Yawe ya joto la chumba. Laza kadi kwenye bakuli bapa, uso juu, na uiache nusu saa hadi saa kadhaa. Gundi ikilainika karatasi ya kitabu hujiachia yenyewe. Ikigoma, badilisha maji na usubiri tena. Ukiivuta, itaondoka na tabaka la kadi, na maandishi ya Piedmont yatabaki kwenye takataka. Ikishaachia, telezesha kidole nyuma kuondoa utelezi wa uji, isuuze kwenye maji mapya, kisha iweke kati ya karatasi nyeupe za kunyonya maji zisizo na nakshi, na juu yake kitabu kizito. Badilisha karatasi baada ya dakika 10, kisha saa moja, kisha asubuhi. Iache chini ya uzito siku tatu. Anayeitoa mapema hupata kadi iliyojikunja, na hewa kavu ya nyumba yenye hita huongeza kujikunja huko.

Usiloweke kadi iliyoandikwa kwa wino wa kalamu, wala yenye dalili za rangi iliyoongezwa. T205 za 1911, zile zenye kingo za dhahabu, tungeziacha kavu kabisa: dhahabu yake hubanduka hata bila maji.

Hita, theluji na plastiki

Adui wa majira ya baridi ni ukavu. Hita ikifanya kazi siku nzima, unyevu ndani ya nyumba unaweza kushuka chini ya asilimia 30, karatasi inasinyaa, na kwa vile wino uko mwingi mbele kuliko nyuma, kadi inapinda kama kigae. Kipima unyevu cha dola chache kiwe ndani ya kabati lenyewe, kikae kati ya asilimia 40 na 50. Usiweke sanduku la kadi juu ya hita, wala ukuta wa nje wa nyumba, ambako baridi na joto hupokezana usiku na mchana.

Bahasha ikitoka kwenye sanduku la posta lililogandishwa na theluji, usiifungue mara moja. Iache mezani saa tatu au nne. Ukiifungua ikiwa baridi, mvuke wa chumba hutua ndani ya plastiki na kuipa kadi unyevu mahali usipouona.

Kadi isiyo na kasha iingie kwanza kwenye kifuko laini cha kipimo cha kadi za tumbaku, halafu kwenye kasha gumu la plastiki. Kifuko cha kadi za kisasa ni kipana mno. Kadi itacheza ndani na kula kona zake yenyewe. Plastiki iwe polipropilini au polyester. Ile laini yenye harufu ya pazia la bafu ni PVC, na baada ya miaka hutoa mafuta. Makasha ya skrubu nne yaliyopendwa zamani yaepuke: ukikaza, kadi inabanwa na kutanuka, na kampuni za daraja huweza kuikataa. Ukavu pia hutia plastiki umeme tuli unaovuta vumbi. Lipulize kwa kibofu cha mpira cha kusafishia lenzi, usilifute kwa kitambaa.

Kama T206 si yako

Wapo wanaozishika na kusema ni ndogo mno. Wana haki. Kwa hao, kadi za kampuni ya Goudey za 1933 kutoka Boston, kadi 240 zilizouzwa na bazoka, ni nene, pana, na rangi zake zinapiga kelele. Tatizo ni Babe Ruth, nyota mkubwa wa besiboli, mwenye kadi nne humo, na kila moja ni maelfu ya dolari hata ikiwa imetafunwa na panya.

Bowman za 1950 ni picha za kuchorwa zilizoegemea picha za kamera, kadi 252, hazina hata jina mbele, na wachezaji wa kawaida ni rahisi kwelikweli. Topps za 1953 ndizo zinazokaribia T206 kwa uchoraji: kadi 274, namba zikifika 280 kwa sababu sita hazikutolewa, na nyuso kubwa zilizochorwa kwa mkono, akiwemo Jackie Robinson kwenye namba 1 na Satchel Paige aliyeandikwa «Satchell» kwa makosa. Ubaya wake ni kile kisanduku chekundu au cheusi cha jina kinachofika hadi ukingoni: kila mguso unatoa alama nyeupe. Kadi ya kawaida yenye kona za mviringo huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana, isipokuwa namba 221 hadi 280 zinazouzwa ghali zaidi.

Jirani wa karibu, T205, ina jambo moja ambalo T206 haina: nyuma kuna wasifu na takwimu za mchezaji. Lakini kwa daraja la chini, lile tunalolipigia debe hapa, kingo zake za dhahabu huonekana kama ukuta uliobanduka rangi. T206 iliyochakaa inazeeka kwa heshima, T205 iliyochakaa inaonekana mgonjwa.

Malipo na mpangilio wa kununua

Kwenye nyumba za mnada kumbuka ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 20 juu ya bei uliyotaja. Kama kikomo chako ni dola 300 na posta ni 20, toa posta kwanza, kisha gawa 280 kwa 1.2: dau lako la mwisho ni dola 233. Anayeweka dau la 300 anaishia kulipa 380 na kulaumu mnada.

Kwa kadi isiyo na kasha, omba picha nne: mbele, nyuma, na kila upande ukiwa umeinamishwa kwenye mwanga. Muuzaji mzoefu hutuma bila kinyongo. Anayejibu kwamba «picha zinajieleza» ameshajieleza yeye. Mwombe pia afunge mzigo kwa kifuko, kasha gumu, utepe wa wapaka rangi unaobanduka bila kuacha gundi, halafu mabamba mawili ya katoni. Seloteipu ya kawaida juu ya mdomo wa kasha ndiyo inayoharibu kadi mkononi mwa mpokeaji anapojaribu kuitoa kwa kisu.

Anza na wachezaji wawili wa kawaida wa Ligi Kuu, Piedmont au Sweet Caporal, ndani ya kasha lenye daraja la 1 au 2, ili macho yajifunze kadi halali inaonekanaje. Hal Chase anafaa kuwa wa tatu: ana kadi tano, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote kwenye seti, hayumo kwenye Jumba la Umaarufu la besiboli kwa sababu ya sifa yake ya kuuza mechi, na uso wake ni miongoni mwa zilizochorwa vizuri. Kisha Joe Tinker au Johnny Evers, walinzi wa Cubs waliotwaa ubingwa mwaka 1908. Wale waliowahi kuchezea ligi ndogo za Kusini, kadi 48, wana bei ya juu kidogo, waache kwanza.

Cobb mwenye anga nyekundu ndiye wengi wanaomtaka mwanzoni. Ndiye tele kuliko Cobb wote wanne, na bado daraja la 1 linavuka dola 1,000. Mwache hadi uwe umeshika kadi 20 za kawaida na kukosea mbili au tatu kwa bei ndogo.

Kwa wasomaji walioko Louisville, Kentucky, ambako Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamehamia: Wagner alichezea timu ya mji huo kabla ya kwenda Pittsburgh, na mwaka 1905 aliruhusu sahihi yake ichapwe kwenye magongo ya Louisville Slugger. Jumba la makumbusho la magongo hayo liko katikati ya mji, na kiingilio chake ni sehemu ndogo sana ya bei ya Cobb mwenye anga nyekundu.